Bwana Kimya na Kona ya Baba

Mdogo wangu ameolewa na mtu anayesikiliza spika. Sikusema anayesikiliza muziki. Muziki nausikiliza hata mimi, nikiwa nafua, kwenye simu iliyopasuka kioo, na kiuno nakitikisa. Shemeji yangu hatikisi chochote. Anakaa kwenye kiti chake katikati ya sebule, magoti pamoja kama anayesubiri kuitwa na daktari wa meno, macho ameyafumba, na wimbo ukiisha anasema, "Besi bado inavimba kidogo upande wa kushoto." Ukimwuliza wimbo ulihusu nini, hana habari. Ukimwuliza aliyeimba ni mwanamke au mwanamume, inabidi afikirie.

Sisi wa upande wa mke tunamwita Bwana Kimya, kwa kuwa neno linalotoka sana kinywani mwake kuliko mengine yote ndani ya nyumba ile ni "Kimya!" Kazini ni mkaguzi wa bima ya magari. Mtu gari lake limegongwa, bado anatetemeka, yeye analizunguka na tochi akisema, "Mkwaruzo huu ulikuwepo." Kazi yake ni kutafuta kosa, na akirudi nyumbani anaendelea kulitafuta sebuleni.

Niseme wazi nisije nikaonekana mnafiki: namdharau. Nilimdharau tangu siku ya kwanza na sijapata sababu ya kuacha. Mdogo wangu kila nikifungua mdomo ananiwahi. "Dada, hanywi. Dada, hanipigi. Dada, akitoka kazini anakuja moja kwa moja nyumbani." Sawa. Hata friji hainywi wala haipigi mtu, na nyumbani haitoki kabisa.

Jambo lenyewe linaitwa kurekebisha chumba. Alinieleza mara ya kwanza kwa upole wa mwalimu wa chekechea. Sauti ikitoka kwenye spika, alisema, haiji sikioni moja kwa moja. Inagonga ukuta, inarudi, inagonga dari, nyingine inajibana kwenye kona na kuvimba. Kila chumba kinauharibu muziki kwa namna yake. Dawa ni maikrofoni. Unaiweka pale panapokaa kichwa chako, spika zinapiga mlio, kompyuta inasikiliza na kuchora mstari wenye milima na mabonde, halafu inaziamuru spika zipunguze hapa na kuongeza pale mpaka mstari unyooke.

"Na wengine wakitaka kusikiliza?" nilimwuliza. "Vichwa vyao viko kwingine."

"Mahali pa kusikilizia ni pale penye kiti tu, Dada. Kwingine ni kubahatisha."

Basi ndiyo sebule hiyo. Nyumba ya mwanamke msomi, mwalimu wa watu, na mahali pazuri pa kukaa panatosha makalio ya mtu mmoja.

Vitu vilianza kutoka. Kabati la vyombo la harusi lilitoka kwa sababu mlio ule, unapoanzia chini kabisa, ulikuwa unatetemesha vikombe. Meza ya kioo ikafuata, eti inarudisha sauti. Picha ya marehemu mama ilitolewa kioo, ikabaki karatasi tupu ndani ya fremu, inajikunja pembeni. Sakafuni alibandika vipande vya tepu nyeupe kuonyesha miguu ya spika ikae wapi, na mdogo wangu akifagia anazunguka vile vipande kama anafagia kaburini. Madaftari ya wanafunzi wake alikuwa akiyasahihisha jikoni, juu ya ndoo ya unga, maana kalamu ikikwaruza karatasi sebuleni, "Kimya!"

Yote hayo niliyacheka tu. Aliyeolewa si mimi. Lakini baadaye akaja baba.

Baba alikuwa dereva wa greda. Maisha yake yote alichonga barabara, na klachi ya greda ilimla magoti. Mama alikuwa ameshafariki, na sasa hakuweza tena kubaki peke yake, na kwangu ni ghorofani, jengo lisilo na lifti, ngazi zenyewe zimebomoka pembe. Kwa mdogo wangu ni chini, kuna uwanja na geti. Kwa hiyo akaenda huko, na alifurahi. Mzee hakutaka mengi. Alitaka kuwa karibu na kitinda mimba wake, na kila asubuhi avae kofia, achukue mkongojo, atembee kwa miguu yake mwenyewe mpaka getini asalimiane na wapita njia. Hivyo viwili tu.

Alikwenda na kiti chake. Ni kiti kikubwa cha mbao, kipana, kizito, mito yake mama aliishona mwenyewe na kuijaza sufi mpaka ikafura. Ukikikalia kinashuka nawe taratibu na kutoa pumzi. Kiliwekwa kwenye kona ya sebule karibu na dirisha, kwa kuwa kutoka hapo baba aliweza kuliona geti. Bwana Kimya alikitazama kile kiti kama gari lililopinduka, lakini hakusema neno. Yeye hawezi kumwambia mzee jambo usoni. Mkwe ni mkwe, anasema, lazima aheshimiwe. Heshima yenyewe ni kupitisha kila kitu kwa mkewe: mwambie baba hivi, mwambie baba vile, na baba mwenyewe yuko pale pale anasikia.

Siku moja nilimkuta anapima. Friji imechomolewa, saa ya ukutani imetolewa betri, madirisha yamefungwa, mdogo wangu amesimamishwa uani na ndoo mkononi. Maikrofoni imesimama mbele ya kiti chake kwenye mguu wa chuma. Baba alikuwa kwenye kona yake, ameachwa kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwinua. Nami nikaambiwa nisimame mlangoni nisihemee puani.

Mlio ukaanza. Ulitokea chini, mzito, mpaka nikausikia kwenye nyayo, kisha ukapanda, ukapanda, ukazidi kupanda.

"Badilisha gia!" baba akapaza sauti.

Mlio ukakatwa. Bwana Kimya alifumba macho, akameza mate. "Mke wangu," aliita kuelekea uani, "mwambie baba hiyo si injini."

"Baba, si injini," mdogo wangu akasema dirishani.

"Hata kama. Unaipandishaje namna hiyo kwa gia moja? Itakufa."

Wakaanza upya. Mlio ukatoka chini, ukapanda, na mzee wa watu alijitahidi kwelikweli, nilimwona amejibana midomo kwa mkono. Ulipofika pale unapokuwa mwembamba kama wa mbu, uvumilivu ukamwishia. "Badilisha gia, kijana, unaua mtambo!"

Nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nadhani siku ile ndipo ubaya ulipoingia, maana Bwana Kimya anasamehe kila kitu isipokuwa kuchekwa.

Siku za mapumziko wenzake humtembelea. Ni wanaume wazima wenye ugonjwa ule ule. Wanavua viatu, wanapanga mstari ukutani, na kila mmoja kwa zamu anakalia kile kiti cha katikati huku wengine wamesimama kama wanaosubiri choo. Hakuna soda, maana chupa zinagongana. Mmoja wao, mwenye duka la miwani, alikaa pale akiwa amefumba macho kwa muda mrefu, akasema, "Besi yako imetulia, bwana. Kwangu inanguruma tu. Umefanya nini?"

"Programu," Bwana Kimya alijibu, kifua mbele. "Ni kuijua tu programu."

Baba alikuwa kwenye kona anasinzia ndani ya sufi yake. Hakuna aliyemsalimu alipoamka.

Sasa, mtu mwenye akili angeishia hapo, muziki wake umesifiwa, ashukuru. Lakini kwenye ule mstari wake kulikuwa na shimo. Nililiona, alinionyesha: mstari unakwenda vizuri, kisha ghafla unatumbukia. Aliongeza sauti pale, shimo halikujaa. Alisogeza kiti chake, shimo likamfuata. Alilitazama shimo lile wiki nzima kama mtu aliyeibiwa, na mkaguzi akikosa wa kulaumu hutafuta. Akaitazama kona.

"Si mimi ninayesema," alimwambia mkewe. "Ni kipimo. Kona ile ina tatizo." Kisha akaongeza, kwa ile heshima yake, "Mwambie baba chumba cha uani kina hewa nzuri."

Chumba cha uani ni stoo. Kina makopo ya rangi, tairi la akiba na madumu ya maji. Mdogo wangu alipoleta ujumbe ule kwa baba, alilia kabla hajamaliza, ila aliuleta. Hilo nalo nimemwambia usoni, kwamba mumewe ni bwege lakini yeye alikuwa tarishi.

Baba hakubisha. Alisema kama ni kuhama, basi atahamia kwa mkubwa wake. Vijana wa jengo letu walimpandisha ngazi akiwa amekaa humo humo kwenye kiti, wamekishika miguu minne, wanaimba kama wamembeba bwana harusi, na yeye akiwaelekeza, "Kushoto, kushoto, usikate kona sana." Nilicheka na kulia kwa pamoja. Alipofika juu nikajua ameshafika, kushuka tena ni shida. Magoti yale yasingeziweza ngazi zile.

Dirishani kwangu unaona ukuta wa jengo la jirani na tangi la maji. Asubuhi aliamka, akavaa kofia, akashika mkongojo, akakaa navyo mpaka saa ya chakula. Nilipika nilivyoweza, nilimpiga soga, nilimwekea redio. Alikula kidogo. Alipokuwa akiongea na mdogo wangu kwenye simu alikuwa anauliza kitu kimoja: "Getini nani amepita leo?" Naye mdogo wangu, aliyekuwa kazini tangu alfajiri, anamtungia majina.

Huku nyuma, sebule ya Bwana Kimya ilikuwa imepata ugonjwa. Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia. Siku ile ile kona ilipobaki tupu aliwasha muziki, akakaa, akakunja uso. Besi ilikuwa inanguruma. Haikuwa kidogo. Noti moja ya chini ikipigwa ilizunguka chumba kizima na kurudi, ile inayofuata imeshaingia, mpaka ukawa mvurugo mtupu. Akapima. Pale palipokuwa na kilima kidogo pamesimama mlima. Na shimo lake? Lipo pale pale, halijapungua hata chembe. Alipima asubuhi, alipima jioni, alimtoa mkewe nje mvua ikinyesha. Akanunua sponji nene akazibandika ukutani, sebule ikafanana na ndani ya sanduku la vyombo. Wenzake walipokuja, yule mwenye duka la miwani alikaa dakika chache tu, akavaa viatu, akasema amekumbuka ana mgonjwa.

Ilimchukua muda kuelewa, kwa jinsi anavyojiona mjanja, kwamba kile alichokuwa akikiita programu kilikuwa mzee ndani ya mito ya sufi. Kiti kilikuwa kinaimeza ile nguruma kwenye kona, na baba aliyekuwa amekikalia, na koti lake zito, na blanketi la magotini. Alikuwa ameupima muziki wake wote baba akiwa ndani yake.

Siku moja mchana simu yangu ikalia. Ni yeye. Hajawahi kunipigia hata nilipolazwa.

"Shikamoo, Dada. Habari za huko?"

"Marahaba. Salama."

"Samahani kukusumbua. Baba ana kilo ngapi?"

Nikashtuka, kisha moyo ukalainika, najichukia nikikumbuka. Nilidhani anataka kumkatia bima ya matibabu. Nilidhani labda kuna dawa ya magoti inayopimwa kwa uzito. Nikamtajia, tena kwa sauti ya upole, nikamwambia amepungua kidogo tangu ahame. "Kabla ya kuhama alikuwa na ngapi?" akauliza. "Hiyo ndiyo ninayoihitaji." Nikamtajia na hiyo. Akashukuru, akakata, hakusema msalimie.

Jioni mdogo wangu alinipigia akiwa amejifungia bafuni. Alikuta sofa la watu wawili limesukumwa kwenye kona, na juu yake kuna magunia ya mchele, mengine yamesimama na moja limelazwa mbele kama mapaja, yamefunikwa blanketi. Mumewe yuko mbele yake na maikrofoni. "Dada," alisema, "ameyavalisha mpaka kofia." Sijui kama alikuwa anacheka. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikasikia damu inapanda mpaka masikioni.

Mchele haukusaidia. Kwa hiyo akaja.

Alipanda ngazi zangu anahema, ameshika mfuko wa matunda, na nyuma yake wachukuzi wawili wenye kamba. Mimi akili yangu yote ilikuwa kwa baba, hata wale wachukuzi sikuwafikiria. Bwana Kimya aliinama vizuri mno. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu!"

"Baba, nyumba imepooza tangu uondoke. Kwa kweli tumeona pengo. Sebule haikaliki."

Uso wa baba ulifunguka. Sijui niuelezeje. Alitafuta mkongojo, akavaa kofia, akaanza kufunga vifungo vya koti. "Nilijua tu," aliniambia. "Niletee viatu, binti yangu. Nilijua tu."

Bwana Kimya akageukia kwangu, sauti chini. "Dada, mwambie baba... nilikuwa naomba kiti. Kiti tu. Chini kwenye pikapu nimemletea kingine, cha plastiki, kipya, chepesi."

Matusi niliyokuwa nayo kifuani siku ile yalikuwa yamekusanywa tangu siku ya harusi. Nilifungua mdomo niyatoe yote, ngazi nzima ijue ni mwanaume wa namna gani. Lakini mdogo wangu alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa ametoroka shuleni aliposikia mumewe amekodi pikapu, chaki bado mikononi, na yeye ndiye aliyeniwahi. Hakupandisha sauti. Alimtazama mumewe akasema, "Kiti hakiji bila mwenyewe. Na mwenyewe hakai stoo. Ukitaka vyote viwili, shika mguu wa mbele ubebe."

Bwana Kimya alitazama kiti. Alitazama ngazi. Nakwambia alikuwa anapiga hesabu, nilimwona: mzee na gia zake upande huu, nguruma upande ule. Kisha akakunja mikono ya shati na kuinama. Alishika mguu wa mbele, wachukuzi wakashika wa nyuma, nami nikashika uliobaki kwa sababu ya baba tu. Tulishuka hivyo, baba yuko juu amevaa kofia, anamwelekeza mkwewe, "Kulia kidogo. Taratibu kwenye kona. Eeh, hapo hapo." Alikuwa anang'aa.

Nilikwenda kuwatembelea baadaye. Kabati la vyombo limerudi, maana mdogo wangu amejifunza kusema hapana. Sponji zimebanduliwa zikaacha alama za gundi. Bwana Kimya anawaambia wageni wake kwamba programu imetoka toleo jipya. Hakuomba radhi, hataomba, na ukweli ni kwamba hajui kuna kosa lililofanyika zaidi ya lile la kwenye mstari. Bado namdharau, sasa kwa utulivu zaidi.

Baba alikuwa ametoka getini, amekaa kwenye kona yake anapumua. Alinivuta mkono niiname karibu, kwa sababu shemeji alikuwa anashika rimoti.

"Yule kijana mlimsema vibaya bure," alininong'oneza. "Ananipenda sana. Hawashi muziki mpaka aone nimekaa. Nikichelewa getini anakuja kunifuata mwenyewe. Hata wewe hujawahi kunifanyia hivyo."

Nilimtazama Bwana Kimya. Alikuwa ameitazama kona, anahakikisha blanketi limefika magotini. Kisha akafumba macho na kubonyeza. Maneno yote yalinijia, ya magunia, ya kilo, ya kiti cha plastiki, yakafika mpaka kwenye meno.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Anakupenda."

"Kimya!" akasema Bwana Kimya.